Bia ya Levani

Kitendawili! Itikieni basi, msinitazame tu. Hakina makali, lakini huzuia kisu. Hakina uzito, lakini huwatenganisha wanaume wawili waliokwisha kukabana koo. Ni nini? Msinipe mji upesi, kaeni nacho kwanza. Mimi jibu lake nililijua tangu nikiwa msichana wa kusuka mikia miwili, nikaliamini miaka zaidi ya sitini, mpaka Jumamosi ile ya mavuno ya zabibu, mwanangu Otari alipotaka kumuua mtu uani kwangu.

Otari si mwuaji. Ni mkulima wa zabibu, hapa hapa kijijini Nigvziani, bondeni Imereti, na sauti yake nzito ndiyo inayobeba nyimbo zote kanisani. Lakini mtu aliyefiwa na mwana huwa na swali moja linalomla kama funza ndani ya tufaha. Swali la Otari lilikuwa na miaka miwili: Jumapili ile walikwenda kufanya nini?

Mwana aliyefariki ni Levani, mjukuu wangu wa kwanza. Alisomeshwa na Wakfu wa Kupatadze. Mzee Kupatadze alizaliwa kijijini kwetu, akatajirika kwa kuuza maji ya chemchemi, na alipoona kifo kinabisha hodi akaiacha mali yote isomeshe vijana, ijenge madaraja na ilipe walimu wa muziki. Wakfu ule una mtindo wake: hausomeshi mtoto mmoja mmoja. Huchukua wawili, mmoja wa bondeni na mmoja wa mlimani, ukawapa chumba kimoja na sufuria moja. Mmoja akifeli, wamefeli wote.

Levani wetu alipewa Imeda Likokeli, kijana wa Hevsureti, kule juu ambako theluji hufunga barabara nusu ya mwaka. Wakasomea theluji pamoja, wakaajiriwa na Wakfu pamoja, kila Ijumaa wakawa wanapima kina chake milimani. Kisha Jumapili moja ya Februari mlima ukaporomoka. Imeda alitolewa hai, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa kwa baridi. Levani alitolewa siku ya tatu.

Jumapili, nasema. Katika daftari la Wakfu haikuwa siku ya kazi. Siku ya mazishi Otari alimshika Imeda kifuani mbele ya kaburi, akamwuliza: "Mlikwenda kufanya nini kule?" Na yule kijana akatazama udongo, akasema, "Hilo siwezi kukujibu, Mzee Otari." Basi. Tangu siku hiyo Otari akaapa: mtu huyu akikanyaga ua wangu, hatatoka kwa miguu yake.

Sasa mjukuu wangu wa kike, Mzevinari, mdogo wake Levani. Macho makubwa, kiuno chembamba, anafundisha kwaya ya watoto kwa mshahara wa Wakfu. Miaka miwili anavaa nyeusi, na miaka miwili bahasha za Wakfu zinamjia kila Alhamisi, muhuri na kila kitu. Siku moja nikamwambia, "Binti wee, Wakfu unakupenda. Kila juma unakuandikia barua kurasa nne kuhusu kwaya?"

Akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. "Ni taarifa, Bibi."

"Taarifa gani hizo zinalaliwa chini ya mto?"

Nami sikuuliza tena. Niliwahi kuwa na mto pia.

Ndipo Wakfu ukajenga Nyumba ya Levani. Upande mmoja maabara yenye darubini na vipimo vya maji ya mto, upande wa pili ukumbi wa kwaya na piano mpya. Ilifunguliwa Jumamosi hiyo asubuhi, na karamu ikawa kwetu, kwa sababu hakuna mwanamume wa Imereti anayeweza kukataa meza inayoandaliwa kwa jina la mwanawe. Watu sitini. Kuku kwa mchuzi wa jozi, mikate ya jibini, na mitungi yetu ya kumtosha mtu mzima, iliyofukiwa ardhini nyuma ya nyumba, ikichemka bila moto kwa zabibu mpya hata unaisikia ikinung'unika.

Mama Lamara, mjane wa Kupatadze, akashuka garini kwa mkongojo wake. Na nyuma yake akashuka Imeda, amebeba ndoo ya mti yenye kifuniko.

Sahani ikaanguka mkononi mwa Mzevinari.

Otari alisimama langoni. "Mama Lamara, wewe karibu. Huyo abaki nje."

"Huyo ndiye atakayefundisha katika maabara ya mwanao," akasema Mama Lamara. "Na amekuja na mimi. Mgeni wangu ni mgeni wako. Au siku hizi Imereti mgeni si wa Mungu tena?"

Badri, kaka mdogo wa Levani, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mabega kama mlango, akatema mate. "Mgeni wa Mungu, huyu mbuzi wa mwamba?"

"Badri!" nikamkemea.

Otari alisogea kando ya lango. "Aketi mwisho wa meza," akasema. "Asinisemeshe."

Imeda akaketi mwisho wa meza. Nilimpelekea mkate mwenyewe. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikwenda upande wa pili wa ua, ambako Mzevinari alikuwa akiokota vipande vya sahani, naye akainua uso kidogo tu, kama mtu anayechungulia jua. Mara moja. Lakini mara moja hiyo, jamani, nilihisi joto lake mimi niliyesimama katikati.

Mzevinari akanifuata jikoni.

"Bibi, mwambie aondoke."

"Mwambie wewe. Kwangu haleti taarifa."

"Baba atamwuliza tena. Mbele ya watu. Na yeye hatajibu, Bibi, hatajibu, hata wakimchinja."

"Wewe umejuaje?"

Akafunika uso kwa aproni. Nikajua kuna jambo. Lakini nje walikuwa wanaita mvinyo.

Otari ndiye aliyekuwa mkuu wa meza. Akanyanyua glasi kwa Mungu, kwa amani, kwa Mzee Kupatadze aliyetujengea. Kisha sauti ikashuka. Wanaume wote wakasimama.

"Kwa Levani," akasema. "Mwanangu. Asiyerudi."

Wakanywa mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Ikafika mwisho wa meza.

Sasa sikilizeni kosa lilivyo, maana damu yote iliyomwagika ilianzia hapa. Kule kwao Hevsureti hakuna mizabibu. Bia ndiyo kitu chao kitakatifu. Wanaume hufunga, huichemsha shayiri siku tatu katika sufuria kubwa la shaba pale patakatifu pao, na marehemu anayenyanyuliwa bia hiyo ameheshimiwa kuliko wote. Huku kwetu bondeni, mtu yeyote atakwambia, mvinyo hunyanyuliwa kwa umpendaye. Bia ukiinyanyua, umeinyanyua kwa adui yako. Kwa mbwa mwitu, kwa mkaguzi wa kodi, kwa anayeombewa asiamke.

Imeda akaisukuma pembeni glasi ya mvinyo. Akafunua ndoo yake ya mti, akajaza kikombe cha fedha, povu likamwagika juu ya vidole vyake vitatu. Akakinyanyua juu.

"Levani," akasema, na sauti ikamkatika. "Hii imepikwa kwa ajili yako."

Nikasikia mitungi ikichemka.

"Bia," akasema Otari polepole. "Kwa mwanangu. Mezani kwangu. Bia."

"Mzee Otari, kule kwetu..."

Hakumaliza. Badri aliruka juu ya meza, sahani zikimwagika chini ya buti zake, akamtwanga usoni na mtungi mdogo wa mvinyo wa mezani. Mtungi ukapasuka. Imeda akaenda chini pamoja na benchi, na mvinyo na damu vikamtiririka usoni hata hukujua kipi ni kipi.

"Amkeni mumwone!" Badri akapiga kelele. "Amemuua, na sasa anamlaani!"

Wakamjia kama nyuki, binamu wawili na jirani mmoja ambaye hata hakujua sababu. Mateke yakaingia mbavuni. Nilisikia kitu kikivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Mama Lamara alikuwa akipiga meza kwa mkongojo, "Ni heshima! Kwao ni heshima, enyi vichwa vya maboga!" lakini nani alimsikia? Imeda hakuinua mkono. Huyu ni mtu aliyefundishwa upanga na ngao tangu akiwa na miaka sita, kama wenzake wote wa kule, na alilala pale akiwa amekumbatia ile ndoo tu, bia isimwagike.

Badri akaipiga teke ndoo. Bia ikamwagika, ikanywewa na vumbi.

Hapo ndipo Imeda alipolia. Kwa mbavu hakulia.

"Unalia pombe?" Badri akacheka vibaya. "Nitakunywesha basi."

Akamshika kwa ukosi wa shati, akamburuta nyuma ya nyumba, visigino vikichora mistari ardhini, hadi kwenye mtungi mkubwa uliokuwa wazi. Akampigisha magoti. Akamsukuma kichwa mpaka ndani ya mdomo wa mtungi.

"Badri, mtungi unachemka!" nilipiga yowe. Kila mtoto wa huku anajua: pumzi ya mtungi unaochemka humaliza mtu kabla hajaita mama. Hatushuki ndani yake bila kutanguliza mshumaa, na mshumaa ukizima, hakuna anayeshuka. "Utamuua, wewe mtoto!"

"Ndilo nitakalo!"

Miguu ya Imeda ilitupa mateke. Mara mbili. Mara ya tatu kwa ulegevu.

Sikumwona Mzevinari akipita. Nilichoona ni ule mti mrefu wa kuoshea mitungi, wenye gome la mcheri lililofungwa mwishoni, ukipanda juu na kushuka. Ukampata Badri begani. Nikasikia mfupa. Badri akaanguka kando akishika bega, akipiga kelele kama nguruwe, na Mzevinari akautupa mti, akamshika Imeda mkanda wa suruali na kumvuta nje kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

Uso wa kijana ulikuwa wa rangi ya plamu. Mzevinari akampiga makofi.

"Vuta pumzi! Imeda! Imeda wangu, vuta!"

Imeda wangu. Mbele ya watu sitini. Otari alikuwa amefika, akasikia.

Kijana akakohoa, akavuta pumzi kwa mlio wa mlango mbovu, akafungua macho. Akamwona nani anamshika, akatabasamu na meno yake mekundu.

"Utavua nyeusi lini?" akanong'ona.

"Nyamaza, mpumbavu wewe," akasema mjukuu wangu, machozi yakimdondokea yule usoni. "Nyamaza upumue."

"Mzevinari," akasema Otari. "Ondoka hapo."

Mkononi mwake kilikuwa kile kisu cha kupogolea mizabibu, kilichopinda kama mdomo wa mwewe. Uso wake haukuwa na kitu. Ningeona hasira ningepumua, lakini haukuwa na kitu.

"Baba, tafadhali."

"Amemchukua mwanangu. Sasa naona alikuwa na hamu ya pili. Ondoka, mama, nisikukate wewe."

Akamsukuma kando, naye akaangukia magoti. Kisu kikashuka. Imeda akakishika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, kifuniko cha mti cha ule mtungi, kizito, cha duara, na mkono wake uliofundishwa ukafanya wenyewe kazi yake. Kisu kikakita kwenye mti. Otari akakichomoa, akapiga tena, kushoto, kulia, vipande vya mti vikiruka, na kila pigo likapokewa. Imeda alikuwa akirudi nyuma kwa magoti, kisha kwa miguu, akiyumba. Mara mbili kifua cha Otari kilikuwa wazi kabisa, na mara mbili ukingo wa kile kifuniko ungeweza kumvunja koo. Wanaume wote waliona. Imeda hakupiga. Pigo la nne likapita pembeni, likampasua mkono kutoka kiwiko hadi kifundo.

"Jipiganie!" Otari alinguruma. "Nipige, mbwa wewe!"

"Wewe ni baba wa ndugu yangu," Imeda akasema. "Sikupigi."

Ndipo nilipofungua kitambaa changu cha kichwa.

Sasa mmeshalijua jibu la kitendawili. Kwetu sote, bondeni na mlimani, hapo hatutofautiani: mwanamke akikirusha kitambaa chake kati ya wanaume wanaopigana, wanaacha. Bibi yangu aliwaachanisha hivyo wana wa nyumba mbili waliokuwa na deni la damu. Nikakitoa, mvi zangu zikatoka mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikakirusha. Kikaelea. Kikatua chini kati yao, cheusi, cha msiba wa Levani.

Imeda akaganda papo hapo. Akashusha ngao yake.

Otari alikitazama kitambaa. Alinitazama mimi, mama yake. Midomo ikamcheza. Kisha akainua buti lake, akakikanyaga, akapita.

Watu waliguna kama ng'ombe aliyechomwa. Mimi nikakaa chini penye matope ya zabibu. Miaka sitini ya jibu, na jibu lilikuwa chini ya buti la mwanangu.

Akamfikia Imeda, akamkaba kwa mkono wa kushoto, akamgandamiza ukutani, kisu chini ya taya. Uzi wa damu ukashuka shingoni.

"Nakuuliza mara ya mwisho," akasema Otari, na hapo sauti yake ya kanisani ikapasuka. "Haikuwa siku ya kazi. Wakfu wenyewe umeandika. Jumapili ile mlikwenda kufanya nini?"

Imeda akageuza macho, si kwa Otari. Alimtazama Mzevinari pale chini. Muda mrefu. Halafu akakiacha kifuniko kianguke.

"Kata, Mzee," akasema. "Hilo siwezi kukujibu."

"Anaweza!" Mzevinari akapiga kelele. "Anaweza, Baba! Mimi ndiye niliyemfunga mdomo!"

Kisu hakikuondoka, lakini kilitulia.

"Mzevinari, usiseme," akasema Imeda. "Uliniapisha kaburini, na mimi nimekubali. Usiseme, mpenzi."

"Nimekuacha ukibeba peke yako miaka miwili. Kila Alhamisi unaniandikia habari za ndege na theluji, hujanilaumu hata mstari mmoja." Alisimama. Gauni lake jeusi lilikuwa limelowa mvinyo, nywele zimefumuka. Akaja hatua moja, akainama, akakiokota kitambaa changu, akakipangusa tope, akanirudishia mapajani. Kisha akamgeukia baba yake. "Niliogopa, Baba. Niliogopa kwamba ukijua, utanitazama kama unavyomtazama yeye."

"Sema," akasema Otari.

"Mwondolee kisu kwanza."

"Sema, mama."

"Mwondolee."

Walitazamana, macho yale yale mawili. Na mkono wa Otari ukashuka taratibu, kama unashushwa na mtu mwingine. Imeda akateleza chini ukutani.

"Levani alikwenda kufanya nini?" Otari akauliza. Safari hii aliuliza kama baba anayeulizia mtoto aliyechelewa kurudi.

"Alikwenda kuniangalizia nyumba," akasema Mzevinari. "Imeda alinichumbia Januari. Nami nikamwambia kaka, Baba hatakubali mpaka umpe neno zuri, nenda ukaone kwao. Kwa macho yako. Paa likoje, mama yake yukoje, choo kiko ndani au nje. Akasema barabara ni mbaya, tusubiri Machi. Nikamnunia. Nilimnunia siku tatu, Baba, basi Jumapili akaenda."

Otari alisimama na kisu kikining'inia mkononi.

"Akafika?"

"Akafika. Walikuwa wanarudi."

"Akaona?" Sauti ilikuwa imemwisha. "Alisema nini alipoona?"

Mzevinari alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa simu yake, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka ambayo hakukubali abadilishiwe. Hakuitazama. Alikuwa anayajua kwa moyo.

"Alinitumia saa nne asubuhi," akasema. "'Choo kiko nje. Mama yake anacheka kama Bibi. Nenda.'"